Titi la kompyuta: anza na bonge la mafuta

Mgonjwa huwezi kumpiga eksirei mara ishirini ili ulinganishe mipangilio ya mashine ya mamografia (eksirei ya matiti). Titi la kompyuta, yaani mfano wa titi uliojengwa kwa programu, unaweza, tena uvimbe umeuweka mwenyewe, unajua ulipo.

Ila usianze na titi. Anza na bonge la mafuta matupu, unene sentimita 5, fotoni (chembe za mionzi) za 20 keV, kipimo cha nishati. Hapo mafuta hupunguza mionzi kwa takriban 0.45 kwa sentimita: e^(−0.45 × 5) = 0.105, yaani katika fotoni 1,000 zinapenya kama 105. Weka tezi tupu, tishu za maziwa (0.80), zinapenya 18. Ukipata namba za ajabu, kagua vipimo. Mara nyingi milimita zimeingia mahali pa sentimita. Zikizidi kidogo tu, umehesabu na zilizotawanyika.

Sasa jenga. Kila vokseli, kijisanduku kimoja cha titi lako, ipe namba ya tishu: hewa 0, mafuta 1, tezi 2, ngozi 3 (milimita 1.5), kano za Cooper (nyuzi zinazoshikilia titi) 4, uvimbe 5. Wengi huruka kano, picha ikatoka laini kama uji. Mafuta ya titi yamekaa vyumba vyumba, kama sega la asali ya Tabora, ila vyumba havilingani. Kisha libane titi kama mashine inavyolibana, programu ya FEBio inaweza, ndipo upige. Mradi wa VICTRE, wa majaribio ya mamografia ya kompyuta, wa FDA (mamlaka ya chakula na dawa), Marekani, umeachia programu zake bure. Zisome hata kama utaandika zako.

Sanduku la sentimita 10 × 10 × 5 kwa vokseli za milimita 0.2 ni vokseli milioni 62.5, laptop inabeba. Kwa milimita 0.05 ni bilioni 4. Udogo huo uache kwa punje za chokaa, vidoa vidogo sana ndani ya titi.

Kazi ipo kwenye idadi ya fotoni. Uvimbe wa milimita 5 (0.84) ndani ya mafuta hupunguza mionzi kwa asilimia 18, ndani ya tezi, asilimia 2 tu. Ili chengachenga za pikseli (kupandashuka kwa bahati nasibu) zishuke hadi asilimia 2, zifike fotoni 2,500; kwa tezi tupu, zinapopenya 18 kwa 1,000, maana yake urushe karibu 140,000 kwa kila pikseli.

Hesabu hiyo hukesha, na umeme wa Tabora unaujua. Igawe mafungu 50, kila fungu lijihifadhi likiisha, na kila moja lianze na mbegu yake ya namba nasibu, yaani namba ya kuanzia bahati nasibu ya kompyuta. Mbegu ikiwa ileile, unajumlisha nakala 50 za picha moja: chenga hazipungui hata kidogo.