Kupima rutuba ya chavua ya mahindi: usiiamini iodini peke yake

Msimu uliopita nilimsaidia mwanafunzi mmoja mwenye kishamba cha majaribio karibu na Uyole, Mbeya, ambaye mimea yake aliyoichavusha kila mmoja kwa chavua yake wenyewe ilitoa magunzi matupu, ilhali hadubini ilimwonyesha chavua nzima.

1. Funika hindi changa kabla halijatoa nywele, kisha mbelewele (ua dume la kileleni) jioni ya kuamkia kazi. Tumia karatasi, plastiki hutoa jasho, na chavua ya mahindi ikilowa hupasuka.

2. Umande ukishakauka, kwa huku kwetu kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kung'utia chavua kwenye karatasi nyeusi. Iliyo ya kawaida ni ya njano. Usidanganywe na mbelewele ya zambarau, kwani rangi hiyo ni anthosianini ya vifuko, si ya chavua iliyomo.

3. Dondoshea iodini, utazame kwa ukuzaji wa mara 100. Chembe zilizojaa wanga huwa nyeusi. Zile tasa aghalabu husinyaa na kubaki hafifu. Hapa ndipo tulipopoteza siku nzima. Chavua yake ilikuwa nyeupe kama unga wa sembe, lakini ilipotiwa iodini iligeuka nyeusi tii, nasi tukaanza kuulaumu ukungu. Kosa lilikuwa letu: iodini hupima wanga, haipimi flavonoli. Hizo ni rangi za manjano hafifu, mfano kemferoli, ambazo mmea hauwezi kuzitengeneza ukikosa kimeng'enya cha chalkoni sinthasi. Bila hizo, chavua ya mahindi hushindwa kukuza mrija wa kuifikisha mbegu ya kiume kwenye yai, hata kama imeshiba wanga. Hata hivyo, chavua hiyo hiyo ikiangukia nywele za hindi la kawaida hurutubisha, kwa kuwa nywele hizo huipatia flavonoli inazozikosa. Kwa sababu hiyo sikubali neno "tasa" liandikwe daftarini kabla ya hatua inayofuata.

4. Gawa chavua mara mbili bila kuchelewa, maana haidumu: nusu kwenye nywele za mmea wake, nusu kwenye za mmea jirani wenye chavua ya njano. Funika tena yote mawili.

5. Baada ya siku kumi hivi, menya maganda taratibu bila kung'oa nywele, kisha tikisa. Nywele za punje zilizorutubishwa hudondoka, nyingine hung'ang'ania. Hindi lake lilibaki na ndevu zote, la jirani likabaki karibu kipara.