Namna ya Kufikisha Haja ya Mji Mdogo kwa Serikali ya Jimbo, Lubumbashi

Miji midogo ya Haut-Katanga, jimbo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo lenye makao makuu Lubumbashi, kama Kasenga ukingoni mwa Luapula au Pweto kando ya ziwa Mweru, ina haja nyingi, na kila moja ina uzito wake. Hata hivyo, kabla ya mtu yeyote kupanda gari kwenda Lubumbashi, mkuu wa komine (yaani wa utawala wa mji), chifu, walimu, wavuvi na akina mama wa soko wakae pamoja wachague haja moja tu. Nimewahi kuona ujumbe ukiingia ofisini na karatasi yenye maombi kumi na mawili, ukatoka bila jibu la hata moja.

Haja ikishachaguliwa, hakikisheni kwamba inahusu jimbo kweli, kwa maana barabara ya taifa ni mzigo wa serikali kuu ya Kinshasa, na ombi lililopelekwa mlango usio wake hupoteza mwaka mzima. Kisha ipimeni. Kama ni daraja, nendeni wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, mkaandike siku ambazo malori yalishindwa kuvuka, bei ya mfuko wa unga siku hizo, na wagonjwa waliobebwa kwa miguu. Daftari la namna hiyo, lenye tarehe, lina nguvu kuliko hotuba.

Barua yenyewe iwe ya kurasa mbili, na itaje kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006, ambacho kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, kinaitaka mamlaka hiyo ijibu katika miezi mitatu, na kinakataza mtu yeyote kushitakiwa kwa sababu ya kufanya hivyo. Wasomeeni wananchi kifungu hiki kwa sauti kabla ya kutia sahihi, kwa sababu wengi bado wanaogopa. Mkifika kwa gavana, msiondoke kabla nakala yenu haijapigwa muhuri wenye tarehe ya kupokelewa. Miezi mitatu mtaihesabu kuanzia hapo.

Kuhusu fedha, msiende mikono mitupu. Kanuni ya Madini, yaani sheria ya nchi ya uchimbaji, iliyorekebishwa mwaka 2018, inaligawia jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini (malipo yanayotolewa na mchimbaji kwa madini anayoyatoa), na komine, sekta (utawala wa eneo la vijiji) au utawala wa chifu ambamo mgodi unachimbwa asilimia 15. Mkiwa na mgodi kwenu, ulizeni kwanza fungu lenu limeingia kwenye akaunti gani na limetumikaje, maana hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa Lubumbashi, na ni haki wananchi wenu walijue jibu lake.

Barua ifike Julai au Agosti, kabla ya kikao cha bunge la jimbo kinachofunguliwa mwishoni mwa Septemba, ambamo bajeti hujadiliwa. Mpeni nakala mbunge wa eneo lenu, na msiwasahau machifu walioingizwa katika bunge hilo kwa mujibu wa Katiba, kwani wao huijua shida ya kijiji bila kuelezwa sana.

Miezi mitatu ikipita kimya, andikeni barua ya pili, mwambatanishe nakala yenye muhuri, na mpeleke nakala kwa spika wa bunge la jimbo. Jibu likija, liwe la kukubali au la kukataa, lisomwe lote sokoni siku ya gulio, mbele ya wale waliotia sahihi.