Somo: Ukialikwa nyumbani kwa Wavietnam, jua kwanza utamwita nani nani

Ndugu zangu, habari za leo. Wengi wanaoniuliza kuhusu Vietnam ni wafanyabiashara wa korosho, maana viwanda vya kule hununua korosho ghafi nyingi kutoka Mtwara na Lindi. Huuliza viza na hoteli. Leo nataka kuwafundisha namna ya kuingia nyumbani kwa mtu, ukatoka naye akiwa bado anatamani urudi.

Hatua ya 1: Majina ya undugu

Hapa nitakaa, maana ndipo penye uzito. Katika Kivietnam, "mimi" na "wewe" za kawaida hazitoshi. Mtu hujiita na kumwita mwenzake kwa cheo cha undugu, hata kama ndiyo kwanza wanaonana. Mwanamume aliyekuzidi miaka michache ni *anh*, kaka. Mwanamke ni *chị*, dada. Mbele yao wewe unajiita *em*, mdogo. Ukizungumza na uliyemzidi umri mambo yanageuka: yeye ndiye em.

Kwa watu wa rika la wazazi, Mswahili ana bahati kubwa. *Bác* ni yule aliyemtangulia baba yako kuzaliwa, *chú* ni baba mdogo, *cô* ni shangazi, *cậu* ni mjomba. Mgeni ambaye lugha yake ina neno moja tu kwa hao wote huhangaika miezi. Sisi tumelelewa hivyo. Wazee kabisa ni *ông*, babu, na *bà*, bibi.

Ndiyo maana ukifika tu utaulizwa umri wako. Usinune. Wanatafuta neno la kukuita, nawe uliza wao. Kwenye majina, ukoo hutangulia na jina la mtu huja mwisho: aliyeandikwa Nguyễn Văn Nam huitwa anh Nam. Salamu ni *chào* ikifuatwa na cheo, chào bác, chào chị, na unaanza na mkubwa kuliko wote chumbani.

Hatua ya 2: Mlangoni

Viatu vibaki nje. Beba matunda au boksi la biskuti, utoe kwa mikono miwili. Kisu usipeleke, hudhaniwa kukata urafiki. Leso nayo ni ya kuagana na machozi. Huenda zawadi yako isifunguliwe mbele yako, bali iwekwe kwanza kwenye madhabahu ya mababu.

Hatua ya 3: Madhabahu

Utaiona mahali pa heshima: picha za marehemu, matunda, bakuli la vijiti vya udi. Usiguse kitu, wala usikae umeielekezea nyayo. Kila mwaka, kwa kalenda ya mwezi mwandamo, familia huadhimisha *giỗ*, siku aliyofariki mtu wao. Watoto na wajukuu hurudi, chakula huwekwa kwa marehemu kwanza, kisha walio hai hula pamoja. Ukialikwa giỗ, acha safari zako nyingine zote uende.

Hatua ya 4: Mezani

Usianze kula. Wadogo huwakaribisha wakubwa mmoja mmoja kwa neno *mời*: babu, bibi, baba, mama. Kaskazini wanalishika sana jambo hili. Bakuli la wali lipokee kwa mikono miwili, umalize wali wako wote.

Mara yangu ya kwanza nilichomeka vijiti vya kulia wima kwenye wali ili nipokee chai. Bibi mwenye nyumba alivitoa taratibu, akavilaza juu ya bakuli, bila kusema neno. Baadaye binti yake akanieleza: vijiti vilivyosimama kwenye wali hufanana na udi, ni chakula cha marehemu. Bibi yule alikuwa amefiwa na mumewe mwaka uleule. Nimeliweka jambo hili moyoni mpaka leo.

Maswali ya wanachama

Swali (Unguja): Dada, sisi hatuli nguruwe. Nitakataaje bila kumvunjia mtu heshima?

Jibu: Mdogo wangu, sema mapema, kabla hawajapika. Kaskazini nguruwe ni *lợn*, kusini ni *heo*. *Bánh chưng*, ule wali wa kunata wa sikukuu uliofungwa kwa majani, kwa kawaida una nguruwe ndani. Migahawani tafuta neno *chay*, yaani chakula kisicho na nyama. Siku ya 1 na ya 15 ya mwezi mwandamo Wabudha wengi hula hicho. Hanoi kuna msikiti wa Al-Noor mtaa wa Hàng Lược, na jijini Ho Chi Minh upo mwingine mtaa wa Đông Du. Wacham, kabila dogo la mkoa wa An Giang kule kusini, ni Waislamu kama ninyi.

Swali (Mtwara): Shikamoo dada. Nitakuwa huko sikukuu ya Tết, mwaka mpya wao. Niende kusalimia asubuhi ya kwanza?

Jibu: Marahaba. Tết ya 2027 ni tarehe 6 Februari. Asubuhi ile usijipeleke mwenyewe. Mtu wa kwanza kukanyaga nyumba, *xông đất*, huaminiwa kuleta bahati ya mwaka mzima, na mara nyingi wenyeji wameshamchagua. Ngoja uambiwe saa. Kama una msiba wa karibuni, mweleze mwenyeji, maana waliofiwa hawatembelei nyumba za watu siku hizo. Andaa bahasha nyekundu za watoto zenye noti mpya, hata ndogo.

Swali (Nairobi): Mhudumu wa mgahawa anaitwaje?

Jibu: Ukimpungia mkono, kiganja kitazame chini. Ukimwita kwa sauti, *em ơi* kama ni mdogo wako, *chị ơi* au *anh ơi* kama amekuzidi. Ukishindwa kukisia, muulize umri wake.