Namna ya kujaribu programu kwa uchunguzi: uhuru wa mjaribu na hesabu anayopaswa kuitoa

Mjaribu wa programu anayekabidhiwa orodha ya hatua mia mbili, kila hatua ikiwa na matokeo yanayotarajiwa pembeni yake, hufanya kazi ambayo sehemu kubwa ya kufikiri kwake imekwisha kufanywa na mtu mwingine, mara nyingi kabla programu yenyewe haijakamilika. Katika majaribio ya uchunguzi mambo huwa kinyume: anayejaribu ndiye anayebuni jaribio, analitekeleza, anayasoma matokeo, na kutokana na alichojifunza anaamua jaribio linalofuata. Cem Kaner, Mmarekani aliyeanza kuutumia msemo huo katika miaka ya 1980, aliweka mambo mawili katikati ya maelezo yake, nayo ni uhuru wa mjaribu binafsi na wajibu wake. Wengi hulishika la kwanza wakaliacha la pili, ndiyo maana wasimamizi wengi huwa na wasiwasi wanaposikia kwamba mtu anataka kujaribu bila orodha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuamua mwenyewe cha kujaribu, na namna ya kuufanya uamuzi huo uweze kuhojiwa na mwingine.

Tuchukue mfano wa programu ya simu ya kikundi cha kuweka na kukopa. Wanachama hulipa michango na marejesho ya mikopo kwa simu zao, na mweka hazina huliangalia daftari la kikundi kwenye kompyuta. Programu ya aina hii ina pesa, tarehe, majina ya watu na mtandao unaokatika, na mambo hayo manne yanatosha kumshughulisha mjaribu kwa muda mrefu.

Anza na lengo

Uhuru si kufungua programu na kubonyeza chochote kinachoonekana. Kabla hujaigusa, andika sentensi moja inayosema unachunguza nini, kwa kutumia nini, ili kugundua nini. Kwa programu yetu inaweza kuwa hivi: "Chunguza ulipaji wa marejesho, kwa kutumia simu ya bei nafuu na mtandao unaokatika, ili kugundua kama rejesho moja linaweza kuhesabiwa mara mbili." Sentensi hiyo ndiyo hadidu za rejea za kipindi chako. Ukiandika tu "Jaribu marejesho," umejipa shamba lisilo na mipaka na hutajua umefika wapi. Ukiandika "Bonyeza Lipa, weka 50,000, hakikisha deni limepungua," umerudi kwenye orodha ya hatua kwa mlango wa nyuma.

Lengo zuri hutokana na jambo fulani linaloogopwa. Muulize mweka hazina ni kosa gani likitokea wanachama hawatamwamini tena. Muulize msanidi ni sehemu gani ya programu aliyoiandika upya juzi, na ni ipi asiyopenda kuifungua. Soma malalamiko ya watumiaji wa toleo lililopita. Majibu hayo yatakupa malengo mengi kuliko muda ulio nao, na hapo uamuzi wako wa kwanza utakuwa kuyapanga kwa uzito na kukubali kwamba baadhi hayatafikiwa.

Kila lengo lipewe kipindi chake. Ndugu wawili, James na Jonathan Bach, walieleza mwaka 2000 utaratibu wa kuendesha majaribio ya uchunguzi kwa vipindi vya takriban dakika 90 visivyokatizwa, na kipimo hicho kimedumu kwa sababu kinalingana na muda ambao mtu anaweza kukaza akili kwa jambo moja. Zima ujumbe wa kazini, waambie wenzako hupatikani, kisha anza.

Ndani ya kipindi

Tuseme umeweka rejesho la shilingi 50,000, ukabonyeza kitufe cha kulipa na papo hapo ukazima data. Alama ya kusubiri inazunguka kwa muda, kisha skrini inasema: "Imeshindikana, jaribu tena." Unawasha data na kubonyeza tena, kama ambavyo mwanachama yeyote angefanya. Unapofungua daftari upande wa mweka hazina unakuta mistari miwili, kila mmoja wa shilingi 50,000.

Mjaribu asiye na uzoefu hukimbilia kuandika ripoti hapo hapo. Subiri kidogo, kwa maana una tukio tu na bado huna maelezo yake. Dhana ya kwanza ni kwamba ombi la mwanzo liliifikia seva, yaani kompyuta kuu inayopokea maombi ya simu, jibu lake likapotea njiani, na seva haikuwa na namna ya kutambua kwamba ombi la pili ni lile lile. Dhana hiyo inapimika. Rudia, safari hii ukizima data kabla ya kubonyeza. Mstari ukiwa mmoja, dhana imepata nguvu. Kisha acha data ikiwa imewashwa na ubonyeze kitufe mara mbili kwa haraka. Mistari ikiwa miwili tena, mtandao si sharti la kosa hili na tatizo ni kubwa kuliko ulivyodhani. Hakuna aliyekuagiza kufanya majaribio hayo mawili. Yamezaliwa na swali ambalo jaribio la kwanza liliacha wazi, na huko ndiko kuchunguza.

Sasa itazame tena ile mistari miwili. Saa yako inaonyesha saa nane na dakika kumi na mbili mchana, lakini daftari limeandika 11:12. Tofauti ni saa tatu kamili, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC, majira ya marejeo ya dunia nzima. Yaelekea seva huandika kwa UTC na hakuna mahali ambapo saa hiyo inageuzwa kuwa ya kwetu. Ukiishia hapo utaona dosari ndogo ya risiti yenye saa isiyo sahihi. Hebu isukume mbele kidogo. Mkopo uliotolewa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai utaandikwa wa tarehe 30 Juni, na kama kikundi hutoza riba kwa mwezi wa kalenda, mkopaji anaweza kutozwa riba ya mwezi ambao hakuwa na mkopo. Upande wa pili, aliyetakiwa kulipa kabla ya Juni kwisha akalipa saa nane usiku tarehe 1 Julai ataonekana amelipa kwa wakati. Dosari uliyotaka kuipuuza inagusa pesa za watu.

Je, uifuate sasa au urudi kwenye lengo? Kanuni ya jumla haipo, lakini maswali ya kujiuliza yapo. Je, jambo hili jipya lina uzito kuliko lile nililokuja kulitafuta? Je, nikiliacha sasa, nitaweza kulirudia baadaye bila kupoteza ushahidi? Je, nina vifaa vya kulijaribu hapa hapa? Kwa mfano wetu mimi ningeandika mstari mmoja wa kumbukumbu na kuendelea na malipo yanayojirudia, kwa sababu kosa la saa litakuwepo kesho vile vile, na kulijaribu vizuri kunahitaji msanidi anisaidie kubadilisha saa ya seva ya majaribio. Mjaribu mwingine angeweza kuamua kinyume na akawa sahihi, mradi awe na sababu. Ukiamua kuifuata, andika kwamba umetoka nje ya lengo na kwa muda gani. Utaratibu wa akina Bach uliweka nafasi ya kurekodi sehemu ya kipindi iliyotumika kwenye lengo na sehemu iliyotumika kwenye fursa iliyojitokeza, na hakuna mahali uliposema kwamba fursa ni dhambi.

Unajuaje kwamba ni kasoro?

Katika orodha ya hatua swali hili hujibiwa na safu ya matokeo yanayotarajiwa. Katika uchunguzi unalijibu mwenyewe, na jibu la "nimeona si sawa" halitoshi mbele ya msanidi anayesema "imeundwa iwe hivyo." Tafuta jambo ambalo programu imegongana nalo. Inaweza kuwa inapingana na yenyewe, kwa mfano deni linaloonekana kwenye simu halilingani na lile la daftari. Inaweza kuwa inapingana na toleo lake la jana, na maandishi ya msaada yaliyomo ndani yake, na katiba ya kikundi, na sheria, au na yale ambayo mtumiaji amezoea kuyaona kwenye programu za aina hiyo.

Kila kigezo cha namna hii kinaweza kukosea. Msaada uliomo ndani ya programu huenda umepitwa na wakati, na toleo la jana huenda ndilo lililokuwa na kosa. Kwa hiyo ripoti iseme wazi umetumia kigezo gani, ili anayepinga apinge kigezo badala ya kukupinga wewe.

Ujuzi wa mahali hapa nao ni kigezo, na ndiyo silaha ambayo mjaribu wa Afrika Mashariki huwa nayo mbele ya programu iliyoandikwa mbali. Andika makazi ya mwanachama kuwa Mang'ula au Ng'ambo, kisha mtafute. Baadhi ya simu hubadilisha kibainishi, ile alama ya juu katika ng', kutoka kilichonyooka kuwa kilichopinda, na kwa kompyuta, hizo ni herufi mbili tofauti. Aliyesajiliwa kwa simu huenda asipatikane na anayemtafuta kwenye kompyuta. Kikundi kikivuka mpaka kwenda Uganda, angalia jinsi kiasi kinavyoandikwa, kwani katika kiwango cha kimataifa cha sarafu, ISO 4217, shilingi ya Uganda haina senti, na programu inayoonyesha nukta na tarakimu mbili baada yake, au inayogawa kwa mia mahali isipotakiwa, ina jambo la kueleza.

Kutoa hesabu

Andika wakati unajaribu. Kumbukumbu inayoandikwa jioni huwa hadithi safi mno kuliko ilivyokuwa. Maelezo hayahitaji urembo. Yanahitaji uliyofanya, uliyoona, uliyoyadhani na usiyoyajua. Kwa mfano: "14:20. Nimezima data baada ya kubonyeza Lipa: mistari miwili. Nimerudia kwa simu hiyo hiyo, ni yale yale. Nikizima kabla ya kubonyeza, mstari ni mmoja. Sijajaribu kwa simu nyingine. Swali: pesa imekatwa mara mbili, au ni daftari tu?" Maneno yenye thamani kubwa hapo ni "sijajaribu" pamoja na lile swali la mwisho. Msomaji anajua mpaka wa ushahidi wako uko wapi.

Mwishoni kadiria muda ulivyogawanyika kati ya mambo matatu: kubuni na kufanya majaribio, kuchunguza kasoro zilizopatikana, na maandalizi. Usihangaike na dakika, makadirio yanatosha. Kipindi ambacho nusu yake ilikwenda kwenye kuomba nywila na kusubiri seva iwake kina habari muhimu kwa msimamizi, na hiyo si habari ya uvivu wako. Kisha kaeni pamoja kwa muda mfupi: nini kilifanyika, nini kilipatikana, nini kilikuzuia, nini kimebaki, na una hisia gani kuhusu ulichokiona. Swali la mwisho lisidharauliwe. Mjaribu anayesema "sehemu ya riba inanitia shaka ila sijui kwa nini" ameshaliandika nusu ya lengo la kipindi kijacho.

Uamuzi mzuri mara nyingine ni kuamua kutochunguza. Hesabu ya riba ambayo kanuni yake inajulikana ikaguliwe na programu nyingine kila msimbo unapobadilika, na mtu asiirudie kwa mkono kila toleo. Vivyo hivyo, mahali ambapo mkaguzi anadai ushahidi wa hatua kwa hatua, andika hatua. Ugomvi kuhusu karatasi ni wa zamani katika fani hii: sehemu za kwanza za ISO 29119, kiwango cha kimataifa cha majaribio ya programu, zilipotoka mwaka 2013, wajaribu wengi walitia saini ombi la kukipinga mwaka uliofuata, wakilalamikia mkazo wake kwenye nyaraka. Mimi niko upande wao kwa sehemu kubwa, lakini anayeutumia upinzani huo kama kisingizio cha kutoandika chochote hajawaelewa.

Kwa msimamizi

Uhuru bila njia za kuutumia ni jina tu. Mjaribu wako awe na ruhusa ya kusoma kumbukumbu za seva, data ya majaribio anayoweza kuiharibu bila kuomba radhi, na nafasi ya kuzungumza moja kwa moja na msanidi na mtumiaji. Usimpime kwa idadi ya kasoro, kwa kuwa ukifanya hivyo utaletewa kasoro nyingi ndogo na maandishi yaliyopinda, huku lile la rejesho kuhesabiwa mara mbili likisubiri mtu mwenye subira. Mpime kwa ubora wa maelezo anayokupa mnapokaa pamoja. Na mpaka wa uhuru wake uwe wazi kwa kila mmoja: anaamua cha kujaribu na namna ya kukijaribu, lakini kuitoa programu au kuizuia ni uamuzi wa mwenye kubeba gharama zake, ambaye huutoa akiwa na taarifa za mjaribu mezani.

Kwa anayeanza kazi, mpe malengo membamba na umketishe pamoja na mwenye uzoefu kwenye simu moja, mmoja akijaribu na mwingine akiandika na kuuliza "kwa nini umefanya hivyo?" kila anaposhindwa kuona sababu, kisha wabadilishane. Majibu yake yakianza kuwa na vigezo na dhana ndani yake, panua malengo, na baadaye mwachie ayaandike mwenyewe.