SOMO: Kuomba fedha za utafiti wa mifumo ya afya, kwa ninyi mlioko wilayani

Habari zenu wakuu. Kila wiki napokea ujumbe uleule: "Naomba sampuli ya andiko na orodha ya wafadhili." Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo naandika hapa mara moja. Nazungumzia utafiti unaouliza kwa nini huduma zinakwama: dawa zinaishaje zahanati, rufaa ya mjamzito inachelewa wapi, fedha zikifika kituoni zinafanya nini. Majaribio ya dawa mpya na chanjo yana njia zake, simo humo.

Hatua ya 1. Soma tangazo la mfadhili mara mbili. Kama hukidhi sifa, acha, tafuta lingine.

Hatua ya 2. Swali. Litoke kwa anayetakiwa kubadilisha kitu. Nenda kakae na CHMT, yaani timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri, uliza ni uamuzi gani unawasumbua. Mfano ninaoupenda ni TEHIP, mradi wa Wizara ya Afya ya Tanzania na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, uliofanyika Rufiji na Morogoro miaka ya 1990. Swali lao lilikuwa jepesi kulitaja: je, bajeti ya wilaya inafuata magonjwa yanayoua watu wa wilaya hiyo? Morogoro walikuta malaria inabeba kama asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, lakini bajeti ya 1996 iliitengea kama asilimia 5 tu. Wilaya zikapewa zana za kupanga upya na nyongeza ndogo ya fedha, isiyofika dola 1 kwa mtu kwa mwaka. Vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka 5 hivi. Sisemi yote ni kazi ya mradi ule, maana mambo mengine yalikuwa yakiendelea. Ninachotaka mkione ni kwamba swali lile lilikuwa na mtu wa kulifanyia kazi kesho yake.

Hatua ya 3. Timu. Mtafiti mmoja, mtu wa takwimu mmoja, na mtu wa halmashauri mwenye jina lake ndani ya andiko, si kwenye ukurasa wa shukrani.

Hatua ya 4. Kalenda. Hapa ndipo nilipoharibu, someni polepole.

Fedha yangu ya kwanza ilikuwa ya kuchunguza kwa nini dawa muhimu zinaisha kwenye zahanati za halmashauri moja. Tulifanya kazi safi. Tulihesabu rafu, tukalinganisha vitabu vya MTUHA (rejesta za taarifa za huduma za kituo) na fomu za kuagiza dawa, tukakaa na waganga wafawidhi. Ripoti nikaipeleka Aprili. Mganga mkuu wa wilaya aliisoma yote, akaniambia kwa upole kwamba imefika bajeti ikiwa imeshafungwa. Mipango ya vituo ilikuwa imeandikwa kuanzia Novemba, madiwani walishapitisha, na Bunge lilikuwa tayari kwenye kikao cha bajeti. Nikajipa moyo kwamba tutaiingiza msimu unaofuata. Kabla haujafika, mganga yule akahamishwa, na mrithi wake hakuwa na sababu ya kuamini ripoti ambayo hakuiagiza. Zahanati zile ziliendelea kukosa dawa zilezile tulizoziandika. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu akina mama waliojibu maswali yetu walitupa muda wao wakidhani kitu kitabadilika.

Kwa hiyo anzeni mwisho, mrudi nyuma. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Matokeo, hata ya awali, yawe mezani kabla ya Novemba. Toa miezi ya kukusanya na kuchambua takwimu, kisha toa miezi ya vibali. Utakachobaki nacho ndiyo tarehe halisi ya kuanza. Tahadhari tatu:

Usiahidi miezi 12 kwa kazi inayohitaji vibali vya ngazi nne. Omba 18, ueleze sababu.

Usikusanye takwimu wakati wa kampeni ya chanjo. Utamtoa muuguzi pekee wa zahanati kwenye kazi yake ili akujazie dodoso, na hilo ni kosa kimaadili kabla hata hujafikiria ubora wa majibu.

Usimtegemee kiongozi mmoja. Washirikishe watu watatu wa halmashauri tangu siku ya kwanza, ili uhamisho wa mmoja usiizike kazi.

Hatua ya 5. Bajeti. Iandike sambamba na mbinu za utafiti, mstari kwa mstari. Kila "tutatembelea vituo 30" iwe na mafuta, dereva, posho na siku zake. Weka ada za vibali, tafsiri ya dodoso, mkutano wa kurudisha matokeo kijijini. Gharama za uendeshaji wa taasisi kila mfadhili ana kiwango chake. NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, kwa miaka mingi imezipa taasisi za nje asilimia 8, wengine hutoa zaidi. Uliza mhasibu wako mapema, asije akagoma kusaini siku ya mwisho.

Hatua ya 6. Vibali. Kibali cha maadili cha taifa kinatoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Zanzibar mna kamati yenu, ZAHREC. Ukiwa na mtafiti wa kigeni, apate kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kisha barua ya TAMISEMI (wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), mkoa, halmashauri. Cha NIMR ni cha mwaka mmoja, kinahitaji taarifa za maendeleo, na kuchapisha matokeo nako kunaombewa ruhusa. Hilo la mwisho wengi hulijua wakiwa wamechelewa.

Hatua ya 7. Tuma siku tatu kabla ya mwisho. Mtandao hukatika.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Mbeya: Somo zuri mkuu. Weka basi sampuli ya andiko tunakili.

Mwandishi: Siweki. Andiko la kunakili lina swali la wilaya nyingine. Rudi hatua ya 2.

Mtafutaji: Mfadhili gani anatoa haraka? Nina wiki mbili.

Mwandishi: Wiki mbili hazitoshi hata barua ya halmashauri. Subiri tangazo lijalo, anza kazi leo.

Mtafutaji: Sasa si ungetaja majina tu?

Mwandishi: Ninataja kwa faida ya wote. Alliance for Health Policy and Systems Research, iko chini ya WHO tangu 1999, na hii ndiyo kazi yake hasa. TDR, programu ya utafiti wa magonjwa ya tropiki iliyoko WHO, hasa kwa utafiti wa utekelezaji. NIHR, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Uingereza. EDCTP3, ushirika wa Ulaya na Afrika, ingawa yenyewe imeegemea majaribio ya tiba. Kila mmoja ana tovuti. Soma.

Mchumi Dodoma: Kwa nini wafadhili wanang'ang'ania wilaya za kulinganisha? Tukiona huduma imepanda si inatosha?

Mwandishi: Swali zuri sana hili. Kumbuka malipo kwa ufanisi, yaani vituo kulipwa nyongeza vikifikia malengo, yaliyoanza mkoa wa Pwani 2011 kwa fedha za Norway. Kama wangetazama Pwani peke yake, kila ongezeko lingehesabiwa ni la mradi, wakati akina mama wanaojifungulia vituoni walikuwa wakiongezeka hata kusikokuwa na mradi. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walifuatilia pia wilaya zisizolipwa. Baada ya kutoa ongezeko la huko, uzazi vituoni ulibaki umepanda kwa pointi 8 hivi za asilimia kutokana na mpango. Namba hiyo unaweza kuitetea mbele ya Hazina. Ukikosa wilaya za kulinganisha, angalau chukua takwimu za DHIS2 (mfumo wa kompyuta unaokusanya taarifa za vituo) za miezi mingi kabla ya mabadiliko, uone mwelekeo ulikuwaje.

Wa Kisumu: Sisi Kenya mambo ni hayo hayo?

Mwandishi: Kalenda ndiyo hiyo, nanyi mwaka wenu unaanza Julai. Kibali ni cha NACOSTI, tume yenu ya sayansi, baada ya kamati ya maadili. Lakini tangu 2013 afya iko kaunti, kwa hiyo mwenye bajeti ni kaunti. Anzia hapo, Nairobi baadaye.

Mzoefu: Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025 haya yote hayana maana. Fedha hakuna.

Mwandishi: Zimepungua, na watu wazuri wamepoteza kazi, silipuuzi hilo. Ila utafiti wa namna hii unaweza kuwa mdogo. Takwimu za MTUHA na DHIS2 zipo tayari, zimelipiwa tayari. Swali linalojibika kwa takwimu hizo linahitaji muda wa mchambuzi, ruhusa na vikao. Na fedha zinapopungua ndipo tunapohitaji zaidi kujua zilizobaki zinaishia wapi.

Nesi wa Kilwa: Dada, mimi ni muuguzi wa zahanati, nina stashahada tu. Naona wajawazito wanaacha hudhurio la pili la kliniki na sijui kwa nini. Naweza kuomba?

Mwandishi: Mdogo wangu, kuongoza mradi mfadhili atataka taasisi nyuma yako, lakini swali ni lako na lina thamani. Fungua kitabu cha wajawazito, chukua miezi mitatu iliyopita. Hesabu waliorudi na wasiorudi, kwa kijiji, na umbali. Usiandike majina. Mpelekee mratibu wa huduma za mama na mtoto wa wilaya karatasi hiyo moja, kisha nitumie faraghani tuitafutie chuo au taasisi ya kukubeba. Jina lako liwe kwenye timu, usikubali kuwa mkusanya takwimu tu.

Nesi wa Kilwa: Asante sana. Naanza Jumatatu.

Fundi takwimu: Nyongeza kidogo. Kwenye fomu ya ridhaa msiandike "utafiti" peke yake. Kwetu wanasikia "kupima damu" na wanakimbia. Andikeni "tunauliza jinsi huduma zinavyotolewa, hatuchukui damu."

Mwandishi: Kweli kabisa, na ijaribuni kwa watu watano kabla ya kuipeleka NIMR, maana ukibadilisha maneno baada ya kibali unaomba marekebisho upya.

Fundi takwimu: Na simu za kukusanyia takwimu zijazwe chaji mjini. Tulipoteza siku nzima kijiji kisicho na umeme.

Mwandishi: Sisi tulibeba paneli ndogo ya sola juu ya gari. Iwekeni kwenye bajeti, mstari wa vifaa.