Kabla Hujapanda Uluguru Kutokea Morogoro Mjini

Ukishuka Morogoro, mlima unauona hata kabla hujaulizia njia. Safu ya Uluguru imeuziba mji upande wa kusini, na asubuhi yenye anga safi unaweza kusimama barabarani ukaitazama minara ya mawasiliano iliyoko juu ya kilele cha Bondwa. Kilimanjaro ina wapagazi, vibanda na misururu ya wageni. Huku unaweza kutembea saa mbili msituni usikutane na mtu. Utulivu huo ndio unaonirudisha kila mwaka, na ndio unaonifanya niandike haya, kwa sababu pale ambapo hakuna watu, ukiteguka mguu hakuna wa kukupita njiani akakusaidia.

Jambo la kwanza ni kuchagua njia inayolingana na mwili wako. Mji uko takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kimevuka mita 2,100. Maana yake ni kupanda mita 1,600 na kuzishuka siku hiyohiyo, tena kwenye mteremko mkali wenye mizizi na matope. Kama hujatembea kwa miguu saa tano mfululizo hivi karibuni, usianzie Lupanga. Nenda Morningside, kwenye jengo la zamani la enzi za Wajerumani, ambako njia inapita kwenye mashamba na vijito na unaweza kurudi wakati wowote ukichoka. Safari ya pili panda hadi Bondwa. Mwenye presha, pumu au goti bovu azungumze na daktari kwanza. Goti linaumia zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda, na wengi hugundua hilo wakiwa wameshafika mbali.

Kuhusu muda nitasema mengi kidogo, maana hapa ndipo nilipowahi kukosea. Treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inakutoa Dar es Salaam hadi Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, na wengi wanaona wanaweza kutoka nyumbani asubuhi, wapande, warudi jioni. Nilifanya hivyo. Hadi tumeshuka, tumekunywa chai na kupata bodaboda, saa nne ilikuwa imepita, na giza likatukuta tukiwa bado ndani ya msitu. Kwetu giza halibembelezi: jua likizama saa kumi na mbili na nusu, nusu saa baadaye huoni unapokanyaga, na chini ya miti linaingia mapema zaidi. Lala Morogoro usiku mmoja. Anza kutembea saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mkubaliane mapema saa ya kugeuka. Mimi naiweka saa saba mchana. Ikifika, tunageuka, hata kama kilele kinaonekana.

Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Pitia ofisi yao mjini siku moja kabla ukachukue kibali na kulipia, ukiwa na kitambulisho, kwa kuwa ada ya Mtanzania si ya mgeni. Hapohapo uliza hali ya njia na uombe mwongozaji. Najua vijana wengi wanaona mwongozaji ni gharama isiyo na maana. Lakini vijia vya Uluguru vinagawanyika ovyo: kimoja kinakwenda shambani kwa mtu, kingine mtoni, kingine kinaishia kwenye kichaka. Ukungu ukishuka, vyote vinafanana. Mtu aliyezaliwa pale anakutambulisha pia kwa wenye mashamba, na ukaribisho unabadilika kabisa.

Msimu una uzito wake. Masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu unakuwa sabuni na vijito vinajaa ghafla, mimi siendi. Kuanzia Juni hadi Septemba ndio wakati mzuri. Hata hivyo usidanganywe na ukavu wa mjini, kwa kuwa mlima huu unazuia upepo wa unyevu kutoka Bahari ya Hindi na unaweza kunyesha juu wakati huku chini watu wanatembea na vumbi. Baridi nayo: kila mita 1,000 ukipanda, joto linapungua nyuzi sita hivi. Mjini nyuzi 28, kileleni 18, na wewe umelowa jasho. Koti la mvua na sweta moja kavu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki vinatosha.

Viatu viwe vyenye meno na ambavyo umeshavivaa wiki kadhaa. Raba za kukimbilia zilizolika soli ziache nyumbani. Vaa suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu. Ukiwakanyaga, usisimame kujikung'uta hapohapo, kimbia mbele kwanza. Beba fimbo. Maji lita tatu kwa kila mtu, na usinywe ya kijito bila kuyachemsha au kuyatibu, kwani juu yako kuna makazi na mifugo. Chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi. Pakiti mbili za ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini. Bendeji ya kufungia kifundo cha mguu, plasta, filimbi, na tochi ya kichwani hata kama mmepanga kurudi saa tisa. Simu ijazwe chaji na iwe na pawabenki, ila usiitegemee: mabondeni mtandao unakatika.

Utawakuta Waluguru wakishuka alfajiri na ndizi na mboga vichwani kuelekea sokoni. Wapishe, wao ndio wenye mzigo. Mzee mwamkie shikamoo, wanaolima wape pole na kazi, na piga picha ukiwa umeomba. Beba noti ndogo ununue matunda kwao. Taka zako zote zirudi nawe, na moto usiwashe kabisa, hata wa sigara. Maji yanayoanzia kwenye milima hii yanaingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio inayoinywesha Dar es Salaam.

La mwisho, mtu mmoja aliyebaki chini ajue mmekwenda njia gani, mko wangapi, namba ya mwongozaji ni ipi, na saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi. Mwandikie kwa ujumbe, usimwambie kwa mdomo tu. Saa hiyo ikipita bila simu yenu, aanze na mwongozaji na ofisi ya hifadhi, kisha apige 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112. Na mkishafika chini, kabla hata ya kuvua viatu, mpigieni.