Kupunguza au kuacha pombe ukiwa Moshi: anza na daftari, kiapo kingoje

Mimi ni nesi. Huu ni mwaka wa kumi na saba nafanya kazi kituo cha afya hapa Moshi, na karibu nusu ya miaka hiyo nilikuwa nikitoka zamu naingia grosari. Kwa hiyo haya nimeyafanya mwenyewe kwanza, ndipo nikaanza kuwafanyisha wengine. Mara ya kwanza niliapa kanisani, mbele ya mke wangu na wazee wa kanisa. Nilidumu siku 19. Siku ya 20 kulikuwa na msiba Kibosho, baridi kali, mtu akanishikisha kata ya mbege. Mara ya pili sikuapa. Nilinunua daftari.

Hatua ya 1: Andika wiki nzima bila kubadilisha chochote

Usipunguze bado. Kunywa kama kawaida yako, ila kila kinywaji kiandike: siku, saa, mahali, nani alinunua, kiasi gani. Andika palepale mezani, kwenye simu kama unaona aibu kutoa daftari. Ukingoja asubuhi utaandika ulichotamani kunywa, siyo ulichokunywa.

Watu wengi huhesabu chupa, na chupa zinadanganya. Tumia hesabu hii: mililita, mara asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, mara 0.8, gawanya kwa 100. Unapata gramu za pombe yenyewe. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ni gramu 20. Bapa la mililita 200 la pombe kali ya asilimia 35 ni gramu 56, yaani bia tatu kasoro kidogo. Nimekutana na wengi waliohama bia kwenda bapa wakisema wamepunguza, kwa sababu zamani walikuwa wanamaliza chupa tano na sasa wanamaliza "kachupa kamoja". Tena ini la mtu wa kawaida husafisha kama gramu 7 mpaka 10 kwa saa. Bapa ulilomaliza saa tano usiku, saa kumi na mbili asubuhi unapowasha bodaboda huenda bado unalo mwilini.

Mbege haina lebo. Ukali wake unategemea ndizi, ulezi na siku ilizokaa. Ya leo si ya kesho kutwa. Andika lita tu. Gongo sina namna ya kukuhesabia, maana hata aliyeipika hajui ametoa nini. (Sheria ya 1966 inayodhibiti upikaji wa gongo inaiita "moshi". Wageni wakiisikia hudhani mji wetu ulitungiwa sheria yake.)

Wiki yangu ya kwanza daftari lilisoma bia 23 na mabapa mawili. Ungeniuliza kabla ya hapo ningekwambia bia kumi na mbili, na ningekula kiapo. Kilichonishtua zaidi ni kwamba bia 19 kati ya hizo nilizinywa kati ya saa kumi na moja na nusu jioni na saa mbili usiku, kiti kilekile, ukutani chini ya televisheni.

Hatua ya 2: Itazame mikono yako asubuhi

Hapa naomba usiruke. Kama ukiamka mikono inatetemeka, jasho linakutoka, unatapika mate matupu, na vyote hivyo vinatulia ukishazimua, basi mwili umeshaizoea pombe, na kuikata ghafla kunaweza kukuua. Siongezi chumvi. Pombe hupooza ubongo. Ukiinywa kila siku kwa miaka, ubongo nao huongeza kasi ili kushindana nayo. Ukiiondoa siku moja, ile kasi inabaki bila breki.

Kutetemeka huanza ndani ya saa 6 mpaka 24 tangu kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya saa 48. Siku ya pili mpaka ya nne ndiyo ya kuogopa zaidi: mtu anachanganyikiwa, anaona wadudu ukutani, homa inapanda, moyo unakimbia. Familia nyingi hapo husema karogwa, au malaria imepanda kichwani.

Nakumbuka fundi ujenzi mmoja aliletwa na mdogo wake kwa bodaboda, amekaa katikati, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva asidondoke. Alikuwa ameacha siku tatu, kwa nia njema kabisa. Mdogo mtu akawa anarudia mlangoni: "Lakini nesi, hajanywa! Ameacha!" Kwake ilikuwa kama tunamshtaki kaka yake kwa uongo.

Ukijiona kwenye dalili hizo, nenda hospitali kabla ya kuacha, na utaje kiasi cha kweli unachokunywa. Utapewa dawa za kutuliza kwa dozi inayopungua siku hadi siku chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi wameishiwa. Ikikosekana sana mtu hupoteza kumbukumbu na hata mwendo. Usijinunulie diazepam duka la dawa ukaichanganya na pombe. Viwili hivyo pamoja huzima pumzi usingizini. Na kama siku ya kwenda hospitali bado, usikate. Endelea, ukishusha taratibu.

Kama asubuhi uko sawa, unasumbuliwa na kichwa tu na majuto, endelea na hatua ya tatu ukiwa nyumbani.

Hatua ya 3: Chagua namba, au chagua sifuri

Kuna maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani ambayo sisi manesi huyatumia, yanaitwa AUDIT. Alama ni kuanzia 0 hadi 40. Ukifika 8 unywaji wako unahatarisha afya. Ukifika 20 huenda umeshakuwa tegemezi. Omba kuulizwa, hayachukui hata dakika kumi. Pale hospitali ya KCMC yamekuwa yakitumika kwa majeruhi wa ajali, na kuna mazungumzo mafupi ambayo manesi huyafanya nao yanayoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Hayana mahubiri. Mgonjwa anaonyeshwa hali yake, anaulizwa yeye mwenyewe angependa nini kibadilike, na namba anaipanga yeye. Namba uliyoipanga mwenyewe utaitetea. Ya kupangiwa na shemeji utaikwepa.

Mjamzito, mwenye ini bovu, mwenye kifafa, aliye kwenye dawa za TB: sifuri, hakuna mjadala. Wengine nawapa jaribio langu. Wiki mbili, siku tatu kwa wiki, bia mbili kwa siku, basi. Ukishindwa jaribio hilo mara mbili, namba yako ni sifuri na ni rahisi zaidi kuliko unavyodhani. Mimi bia mbili sikuziweza kamwe. Ya kwanza ilikuwa inaniamsha, ya pili inanidai ya tatu. Sifuri haina madai hayo. Wala usidhani hizo mbili nimezihalalisha; mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara.

Kwa anayeshusha taratibu: ondoa kinywaji kimoja kila baada ya siku tatu au nne. Anza na kile cha mwisho cha usiku. Hicho huna hata ladha yake kichwani.

Hatua ya 4: Hama kiti, na ule mapema

Rudi kwenye daftari, tafuta saa yako. Karibu kila mtu anayo moja. Yangu ilikuwa ile ya kutoka kazini, na njia yangu ya kurudi Majengo ilipita mbele ya grosari. Nikabadilisha njia. Dakika nane zaidi kwa miguu, kupitia sokoni Mbuyuni, na kwa kuwa nimepita sokoni nikawa nafika nyumbani na ndizi mkononi.

Jambo la pili lilinishangaza: kumbe nilichokuwa nakiita kiu kilikuwa njaa. Chakula cha mchana kituoni ni chai na chapati saa saba. Mpaka saa kumi na moja tumbo ni tupu, na bia kwenye tumbo tupu ni tamu kweli. Nikaanza kula saa kumi na moja, kabla ya kitu kingine chochote, bakuli la mtori likiwepo, wali na maharage lisipokuwepo. Mtu aliyeshiba mtori bia humwingia kama maji ya moto. Jaribu, utaniambia.

Hamu yenyewe ikipanda, hukaa kitambo kifupi kisha hushuka, hata usipofanya lolote. Mimi ilikuwa robo saa hivi. Nilikuwa naosha viatu vya watoto. Vilikuwa vinang'aa mwezi ule.

Usingizi utasumbua wiki mbili za mwanzo, na ndoto zitakuwa za ajabu. Ndivyo inavyokuwa. Kahawa jioni acha, hata kama inatoka shambani kwa baba yako.

Hatua ya 5: Pesa

Fupi tu. Tuseme bia ni Sh 2,000 na unakunywa tatu kila siku: Sh 6,000 kwa siku, Sh 2,190,000 kwa mwaka. Ile 6,000 itume kila jioni, saa ileile, kwa mtu ambaye hatakurudishia ukibembeleza. Kibubu cha nyumbani nimekivunja mara tatu, sikishauri. Lipa pia deni la grosari mapema, maana deni ni sababu nzuri mno ya kupitia "mara moja tu kulipa". Tuma mtu.

Hatua ya 6: Namna ya kukataa

Hapa ndipo wengi wa wateja wangu huanguka, na siwalaumu. Kwetu kinywaji ni heshima, ni pole, ni hongera, ni mahari.

Usiseme "nimeacha pombe". Ukisema hivyo umefungua mjadala; utaulizwa umeokoka lini, mke kakukalia, au unajiona nani. Wengi hukimbilia "niko kwenye dozi". Inafanya kazi, lakini wiki mbili tu. Dozi isiyoisha watu wataipa jina wenyewe, na umbea wa Moshi unajua kupanda mlima. Sema: "Leo natumia tangawizi." Basi. Neno "leo" halina ubishi.

Agiza wa kwanza, kabla mhudumu hajazunguka meza. Akija mkubwa wa meza na ile amri ya "tuletee kama tulivyo", wewe ulivyo ni tangawizi. Glasi isiwe tupu, maana glasi tupu inaita ofa. Ukiweza, lipia raundi moja mapema uondoke mapema. Anayeaga akiwa ameshalipa hafukuzwi na maneno.

Kwa wazee kuna adabu yake. Mzee akikunyooshea kata ya mbege, usiikatae kwa mkono. Ipokee kwa mikono miwili, gusisha midomo, kisha mpe aliye karibu: "Mzee, baraka nimepokea, kinywaji namwachia kaka." Sijawahi kuona mzee akikasirika. Wanaokasirika ni rika letu, na wanakasirika kwa sababu wanajihesabu wao. Lakini kama kugusa midomo tu kunakuamshia shetani, mwone mzee pembeni kabla shughuli haijaanza, umweleze. "Shikamoo mzee, afya imenigomea, naomba unikinge leo." Atakukinga kuliko unavyotegemea.

Desemba ni mtihani peke yake. Ndugu wamerudi kutoka Dar na Mwanza, kila boma lina mbege na ndafu, na kila gari lina kreti. Usiende bila kazi. Omba kazi ya udereva wa wazee. Hakuna anayemlazimisha bia mtu atakayemshusha bibi usiku kwenye mteremko wa Marangu. Kazi ya kuchoma nyama usiikubali, pale jikoni ndipo chupa zinapofunguliwa kwanza.

Hatua ya 7: Ukiteleza

Andika. Daftari lilelile: siku, saa, mahali, nani alinunua, kiasi gani. Usifungue ukurasa mpya wala usianze kuhesabu siku upya kutoka moja. Ndicho kilichoniangusha baada ya zile 19, nilijiona nimeshavunja kila kitu, nikanywa wiki nzima kuaga. Mteja wangu mmoja, dereva wa daladala, ameteleza mara tano kwa mwaka. Kabla ya hapo alikuwa anakunywa siku 365. Mara nne kati ya hizo tano ziliangukia tarehe za hesabu nzuri, gari imejaa toka asubuhi. Sasa siku ya hesabu nzuri mke wake humngojea stendi.

Nyumbani nako usidai imani haraka. Nilipofikisha wiki ya tatu nilimpelekea mke wangu jani la sale, kama desturi yetu inavyotaka kwa anayeomba msamaha. Alilipokea, akalitazama, akalichomeka kwenye chupa ya maji dirishani. "Baba Neema, tulione likitoa mizizi kwanza."